HAKI YA MWANAMKE MSOMI MAHALI PA KAZI

Mada kwa viongozi wa walei wa Kibiti na delta ya Rufiji



Waheshimiwa mapadre na watawa, ndugu viongozi wa Halmashauri ya Walei, akina mama wa WAWATA, akina baba wa UWAKA, vijana wetu, na ninyi jirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko: kwa niaba ya Tume ya Haki na Amani tunawasalimu nyote na kuwashukuru. Wapo kati yenu waliotoka Nyamisati na visiwa vya delta, ambao safari yao hupangwa na kupwa na kujaa kwa maji. Kufika kwenu ni ushuhuda kwamba jambo la haki mnalithamini.

1. UTANGULIZI: KWA NINI MADA HII, NA KWA NINI HAPA?

Tumeombwa tuzungumze juu ya ubaguzi unaowapata wanawake wanaofundisha katika vyuo vikuu. Bila shaka yuko anayejiuliza moyoni: je, maprofesa nao ni wanyonge wa kutetewa? Huku kwetu mafuriko ya Aprili 2024 yaliharibu mashamba na kuwaacha watu wengi bila makao katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mama anayeamia ndege juu ya dungu tangu alfajiri hadi magharibi ana shida zilizo karibu naye kuliko posho ya nyumba ya mhadhiri wa Dar es Salaam au Nairobi.

Swali hilo ni halali, nasi tunalijibu kwa mambo mawili.

Jambo la kwanza ni hili. Anayefundisha chuo kikuu ndiye anayewafundisha walimu, waganga, mahakimu na maofisa misitu wanaokuja kufanya kazi kwetu. Utafiti wake ndio unaoamua nini kijulikane juu ya mikoko yetu, juu ya uvuvi wetu, juu ya uzazi wa akina mama wetu. Meza ya utafiti ikikaliwa na wanaume peke yao, au na watu wa sehemu moja tu ya nchi, yapo maswali ambayo hayataulizwa kamwe. Na binti wa Mbwera au Salale akisikia kwamba hata mwanamke aliyefika juu alirudishwa chini, atamwuliza mama yake: basi mimi nisomee nini?

Jambo la pili ndilo kiini cha mada yetu. Ubaguzi huo hauzaliwi chuo kikuu. Unazaliwa nyumbani, shuleni na katika ofisi zetu kwa maneno mepesi yanayosemwa kwa kicheko. Ukifika juu unavaa joho na kuitwa kanuni. Maji hufuata mkondo. Anayeuchimba mkondo huku chini asishangae kuona maji yanakoelekea.

Tutafuata njia tuliyoizoea katika Jumuiya zetu: kuona, kuamua na kutenda.

2. KUONA: SHAHIDI MMOJA TUNAYEMFAHAMU

Wengi wenu mmelisikia jina la Profesa Wangari Maathai wa Kenya, mama aliyepanda miti na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Kisichojulikana sana ni kwamba kabla ya kuwa mama wa miti alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, na kwamba huko ndiko alikojifunza ubaguzi ulivyo. Aliyaeleza mambo hayo yeye mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2006.

Wangari alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alilelewa kielimu na Kanisa: kwanza kwa masista wa Konsolata huko Mathari, kisha kwa masista wa Loreto huko Limuru. Mwaka 1960 alikwenda Marekani, akasoma katika chuo cha masista Wabenediktini huko Atchison, Kansas, na baadaye akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Akiwa huko aliahidiwa kazi ya msaidizi wa utafiti katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiitwa Chuo Kishiriki. Januari 1966 alifika kuripoti, barua mkononi. Akaambiwa nafasi hiyo amekwisha kupewa mtu mwingine. Huyo mwingine alikuwa mwanamume, tena wa kabila moja na profesa aliyetoa ahadi. Wangari aliamini kwamba alinyimwa kazi kwa sababu mbili zilizofungwa pamoja: alikuwa mwanamke, na alikuwa wa kabila lingine.

Tuliweke jambo hili akilini, kwa maana tutalirudia: mizigo miwili iliyofungwa kamba moja.

Baada ya miezi ya kutafuta kazi alipokelewa na profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, katika idara ya anatomia ya kitivo cha udaktari wa mifugo. Wanafunzi wake, ambao wengi walikuwa wanaume, walikuwa na mashaka kama msichana yule angeweza kuwafundisha. Mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari wa falsafa, mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na Kati. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara, na mwaka uliofuata profesa mshiriki. Mwanamke hakuwa amewahi kushika nafasi hizo katika chuo kile.

Je, kufika huko kulimaliza ubaguzi? Hapana. Kanuni za chuo zilimpa mwalimu wa kiume nyumba, bima na mafao mengine kamili. Mwalimu mwanamke aliyeolewa hakupewa sawa, kwa hoja kwamba anaye mume wa kumtunza. Kazi ileile, vipindi vilevile, mitihani ileile. Tofauti ni kwamba mmoja alihesabiwa kuwa mfanyakazi na mwingine akahesabiwa kuwa mke wa mtu. Wangari na rafiki yake, Vertistine Mbaya, mwalimu wa biokemia, walidai usawa. Wanawake wengine waliogopa kujiunga nao. Mwishowe chuo kiliwatimizia wao wawili, kana kwamba kimewafanya wanaume wa heshima, lakini kanuni yenyewe kikaiacha ilivyo.

Ndugu zetu, tuitafakari hila hiyo. Mwenye kupiga kelele hutulizwa kwa kupewa chake; utaratibu unaowaumiza wengine hubaki pale pale. Upendeleo kwa mmoja si haki kwa wote.

Mwaka 1982 alijiuzulu chuoni ili agombee ubunge katika uchaguzi mdogo wa Nyeri. Akazuiwa kugombea kwa hoja ya uandikishaji wa wapiga kura. Alipotaka kurudi kazini mara moja, aliambiwa kiti chake kimekwisha kujazwa, na akatakiwa kuhama nyumba ya chuo. Miaka kumi na sita ya kazi ilimalizika hivyo. Alifariki dunia mwaka 2011, na chuo kilekile leo kina taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake. Tunafurahi kwa heshima hiyo. Lakini haki iliyochelewa namna hiyo haimrudishii mtu nyumba aliyoondolewa wala miaka aliyopotezewa.

3. KUONA: HALI YA KWETU TANZANIA

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kwa kitivo cha sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kati ya wanafunzi wake wa kwanza alikuwamo mwanamke mmoja tu, Julie Manning, ambaye baadaye alipata kuwa Waziri wa Sheria. Tangu siku hizo wanawake wasomi wa nchi hii wamejenga mengi. Tunawataja wachache: Penina Mlama na Amandina Lihamba katika sanaa za maonyesho, Marjorie Mbilinyi, Ruth Meena na Bertha Koda katika utafiti wa hali ya wanawake, na Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuwa daktari, ambaye aliongoza Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki.

Lakini njia yao haikuwa tambarare. Tutoe mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa kanuni iliyoonekana kuwa ya haki. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba mtu afanye kazi kwanza kwa miaka miwili kabla ya kuingia chuo kikuu. Nia ilikuwa njema: msomi ayajue maisha ya wananchi. Kanuni ilikuwa moja kwa wote. Lakini miaka hiyo miwili kwa kijana wa kiume ilikuwa miaka ya kazi. Kwa msichana ilikuwa miaka ya posa, ndoa na uzazi. Wasichana wanaoingia chuoni wakapungua, hata Serikali ikalazimika baada ya muda mfupi kuwaondolea sharti hilo. Tunajifunza kwamba kanuni inaweza kuandikwa sawa na ikalemea upande mmoja. Mwalimu wa chuo hutoka miongoni mwa wanafunzi. Ukipunguza wasichana leo, umepunguza maprofesa wanawake miaka ishirini ijayo.

Mfano wa pili ni wa mazingira. Februari 1990 mwanafunzi Levina Mukasa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiua baada ya kuandamwa kwa bughudha na wanafunzi wa kiume. Kifo chake kiliamsha vyama vya wanawake, hasa TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa mwaka 1987. Mahali ambapo mwanafunzi wa kike anaweza kudhalilishwa hadi kukata tamaa, mwalimu mwanamke naye hafanyi kazi kwa amani.

Mfano wa tatu ni wa kunyamazishwa. Novemba 2018 mhadhiri wa chuo hicho, Dkt. Vicensia Shule, aliandika hadharani kwamba rushwa ya ngono ipo chuoni, akaitwa kujieleza. Mwaka 2020 utafiti wa TAKUKURU juu ya vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma ulithibitisha kwamba tatizo hilo lilikuwapo kweli. Mara nyingi mtoa habari huhojiwa kabla ya habari yenyewe kuchunguzwa.

Hali hii si ya kwetu tu. Huko Marekani, wanawake wenye asili ya Amerika ya Kilatini wanaofundisha vyuo vikuu wameeleza kwa miaka mingi kwamba wanafunzi huwadhania kuwa makarani, wenzao hushangaa lafudhi yao, na vyeo huwapita. Mwaka 2012 kilitoka kitabu kinene cha shuhuda zao, pamoja na za wanawake wasomi wenye asili ya Afrika na Asia. Jina lake, tukilisema kwa Kiswahili, ni kwamba hao wamekwisha kudhaniwa hawawezi kabla hawajafungua kinywa. Nao pia wanabeba mizigo miwili kwa kamba moja: uanamke na asili.

4. SURA ZA UBAGUZI HUO

Ubaguzi wa aina hii ni nadra kuja kwa matusi. Tukikusanya yale tuliyokwisha kuyaona, unazo sura tano.

(a) Kujuana. Nafasi ya kazi hutolewa kwa "mtu wetu" kabla tangazo halijabandikwa. Mwanamke, ambaye hakai barazani wanapokaa wakubwa jioni, husikia habari wakati mlango umefungwa.

(b) Kuhesabiwa kuwa mke wa mtu. Stahili hutolewa kwa kuangalia ndoa badala ya kazi.

(c) Mzigo usiohesabiwa. Cheo cha chuo kikuu hutokana hasa na utafiti na makala zilizochapishwa. Mwanamke hupewa kuandika kumbukumbu za vikao, kupokea wageni, kusikiliza wanafunzi wenye matatizo. Kazi hizo ni njema na za lazima, lakini siku ya kupandishana vyeo haziandikwi popote. Kisha husemwa: huyu mama hana makala.

(d) Uzazi kuhesabiwa kuwa uzembe. Aliyekwenda likizo ya uzazi hurudi akakuta utafiti wake umekabidhiwa mwingine.

(e) Kudaiwa mwili. Kibali, safari au cheo hufungwa kwa sharti la aibu. Anayekataa huitwa mkaidi, na anayekubali kwa kulazimika huitwa jina lisilotamkika hapa.

5. KUAMUA: NENO LA MUNGU, KANISA NA SHERIA

Tuanze na Maandiko Matakatifu. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, tunasoma habari za mabinti watano wa Selofehadi: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alifariki bila mtoto wa kiume, na desturi ilitaka jina lake na urithi wake vipotee. Mabinti hao hawakulia pembeni. Walikwenda pamoja, wote watano, wakasimama mbele ya Musa, kuhani, viongozi na mkutano wote, mlangoni pa hema ya kukutania, wakataja hoja yao kwa utaratibu. Musa hakuwafukuza, wala hakujibu kwa mazoea. Aliipeleka hoja yao kwa Mungu. Na Mungu akasema kwamba wana haki. Zaidi ya hayo, aliagiza iwe sheria kwa Israeli yote. Tazameni tofauti na kule Nairobi: hapa hawakupewa wao tu wakanyamaza, kanuni yenyewe ilibadilishwa.

Mama Kanisa amefundisha wazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 29, unafundisha kwamba ubaguzi wa jinsia, wa rangi, wa hali ya maisha, wa lugha au wa dini ni kinyume cha mpango wa Mungu, na unataja waziwazi mwanamke anayenyimwa elimu sawa na mwanamume. Papa Yohane Paulo II katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, Laborem Exercens, alifundisha kwamba kazi ipangwe kwa namna ambayo mwanamke hatalazimika kulipia maendeleo yake kwa kuiacha familia yake. Na katika barua yake kwa wanawake ya Juni 1995 alitaka malipo sawa kwa kazi sawa, ulinzi kwa mama mfanyakazi, na haki katika kupanda cheo. Barua hiyo aliiandika kabla ya mkutano wa Beijing, ambao katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, Mama Gertrude Mongella.

Sheria za nchi nazo hazikunyamaza. Katiba, Ibara ya 13, inakataza ubaguzi, na tangu marekebisho ya mwaka 2000 inataja pia jinsia. Ibara ya 23 inadai malipo ya haki kwa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, kabila, mahali alikotoka au dini. Tena mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Kifungu cha 33 kinampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini hupewa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inafanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai.

Basi hukumu yetu ni ipi? Anayetetea haki ya mwanamke msomi hatetei mtindo wa kigeni. Anatetea Neno la Mungu, mafundisho ya Kanisa lake na sheria ya nchi yake.

6. TUJITAZAME WENYEWE

Hapa tunawaomba uvumilivu, kwa maana waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako.

Waamini wengi wa parokia zetu za huku ni walimu, wauguzi, askari, maofisa na wafanyabiashara waliokuja kutoka bara. Wenyeji wa bonde hili, Wandengereko na Wanyagatwa, kwa sehemu kubwa ni ndugu zetu Waislamu. Na sisi sote tumeisikia kauli isemwayo katika ofisi za walimu na katika vijiwe: "Watu wa huku hawapendi shule, binti wa Pwani ni wa kuchezwa na kuozwa." Anayeisema huona ametania. Lakini mwalimu anayeamini kauli hiyo hatamwita msichana wa delta ubaoni. Hatamhimiza achukue fizikia. Atakapokosa siku tatu kwa sababu mashua ilisubiri maji kujaa, atamwandika mtoro. Msichana huyo akivuka vikwazo vyote hivyo na kufika chuo kikuu kufundisha, huko atakutana na watu waliofundishwa na walimu wa namna hiyohiyo. Atabeba uanamke wake, upwani wake na labda dini yake, mizigo mitatu kwa kamba moja. Je, kamba hiyo aliisokota nani?

Wenyeji nao wana sehemu yao. Desturi ya kumweka mwali ndani ilikuwa na hekima yake ya malezi, nasi tunaiheshimu. Lakini ikimtoa binti darasani asirudi, imekuwa ukuta. Mzazi anayemwuza mbuzi ili kaka aende kidato cha tano na kumwambia dada asubiri mavuno yajayo, amekwisha kufanya kile kilichofanywa na profesa wa Nairobi mwaka 1966: nafasi amepewa mwingine.

Na Kanisa pia lijitazame. Tunazo shule, zahanati na hata vyuo vikuu. Je, mwalimu mwanamke katika shule zetu hupewa mkataba wa maandishi? Je, sista aliyesoma shahada hukabidhiwa idara, au hubakizwa stoo na jikoni? Je, katika Halmashauri zetu mama huchaguliwa kuwa mwenyekiti, au kila mwaka huwa mtunza hazina kwa sababu tu ni mwaminifu? Hatuwezi kukidai chuo kikuu kile tusichokitenda parokiani.

7. KUTENDA

Tunapendekeza mambo haya, ambayo yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tuandike. Malalamiko yanayosemwa kwa mdomo hupeperuka. Binti au dada yetu aliye kazini, iwe chuoni au katika ofisi ya kata, ahifadhi barua ya ajira, aandike tarehe, maneno aliyoambiwa na mashahidi waliokuwapo.

Pili, tujue njia na muda. Mfanyakazi wa taasisi binafsi hupeleka mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: ndani ya siku 30 kama ameachishwa kazi, na ndani ya siku 60 kwa migogoro mingine. Mtumishi wa umma, wakiwamo wa vyuo vya Serikali, hana budi kufuata kwanza njia za rufaa za utumishi wa umma hadi Tume ya Utumishi wa Umma. Anayechelewa kwa kuona haya aweza kuipoteza haki iliyo wazi. Habari za rushwa ya ngono hupelekwa TAKUKURU.

Tatu, twende pamoja. Mabinti wa Selofehadi walikwenda watano. Mmoja akienda peke yake huitwa mgomvi. Na akipewa chake peke yake, kanuni hubaki. Vyama vya wafanyakazi vina kazi hapa, na wanaume wenye moyo wa haki waungane na dada zao. Ushauri wa kwamba mwenye nguvu mpishe, tuuache barabarani. Katika mambo ya haki haufai.

Nne, tulinde mlango wa kuingilia. Kila Jumuiya iwajue wasichana wa shule waliomo katika eneo lake, Wakristo na Waislamu, na iulize sababu ya kila anayeacha masomo. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyejifungua kurudi katika shule ya kawaida. Ruhusa hiyo ipo. Wazazi wengi hawaijui, na wapo wanaoijua lakini wanaona aibu. WAWATA na akina mama wa Kiislamu wanaweza kulibeba jambo hili pamoja.

Tano, parokia iweke kanuni zake kwa maandishi: mikataba, likizo ya uzazi, na mahali pa kupeleka malalamiko bila hofu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

(i) Katika eneo letu, ni kanuni gani inayoonekana sawa kwa wote lakini inawalemea wanawake zaidi?

(ii) Ni maneno gani tunayoyasema juu ya wenyeji wa delta, au wenyeji juu ya wageni, ambayo mtoto akiyasikia atavunjika moyo?

(iii) Kati ya mali tuliyotumia kwa elimu mwaka uliopita nyumbani mwetu, mabinti walipata sehemu gani?

(iv) Yuko mwanamke tunayemfahamu aliyenyimwa haki kazini akanyamaza? Jumuiya ingeweza kumsaidia namna gani?

HITIMISHO

Ndugu zetu, mpanda mikoko huichomeka miche yake katika tope wakati maji yamekupwa, akijua kwamba bamvua litakuja na mingine itang'oka. Hupanda tena. Hatuahidi kwamba barua moja au semina moja itaondoa mazoea ya miaka mingi. Tunachoahidi ni kwamba mwanamke atakayeamua kudai haki yake kwa njia ya halali hatakuta Tume hii imefunga mlango, awe wa imani yetu au wa imani nyingine, awe mwenyeji au mgeni. Tunawaomba ninyi nanyi mtoe ahadi hiyohiyo katika Jumuiya zenu, na mwanzo wa utekelezaji uwe katika uchaguzi ujao wa viongozi wa parokia.

Mungu awabariki. Bikira Maria, Malkia wa Amani, atuombee.